Hereni Tumboni mwa Kochi

"Inuka!"

"Nabadilisha betri tu, dada, sekunde mo..."

"Nimesema inuka, hilo kochi si..."

"...moja tu, mbona unakuwa mkali kama..."

"...si la baba yako! Mahameli hiyo nimeivuta tangu asubuhi, haijakaliwa hata na mwenyewe!"

"Sasa kochi lisilokaliwa la nini? Pambo?"

"Mkali kama nini? Malizia."

"Kama... kama sindano."

"Basi sindano itakuchoma. Inuka!"

Kijana akainuka, maana sindano kweli ilikuwepo. Ndefu, imepinda kama kucha ya mwewe, imechomekwa kwenye kola ya ovaroli ya bluu. Aliyeivaa ovaroli hiyo alikuwa amejifunga kitambaa cha njano kichwani, na utepe wa kupimia ulining'inia shingoni kama mkufu. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Yeye na baba yake walikuwa na karakana ya kufufua makochi, na makochi yakishapona hukaa nje kando ya barabara, yakipigwa upepo, yakisubiri wenyewe.

Watu walikuwa wameshasimama kutazama. Asubuhi ya sokoni, mikokoteni imekwama, honi zinalia, lakini nani aondoke ugomvi ukiwa mtamu?

"Na huo mdude begani ni nini?" Fundi akauliza.

"Stendi ya kamera. Nimekuja kupiga tangazo la duka lile pale." Kijana akaonyesha ng'ambo, kwenye duka la vioo lililojaa makochi mapya yaliyofungwa nailoni. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na hasira, na raba nyekundu.

"Ahaa! Kumbe ndio nyinyi! Watu wanatupa makochi mazima wanakimbilia maboksi yaliyowekwa kitambaa, sisi tunakaribia kufunga. Bwana Miguu Mitatu, hama hapa."

Jina likamganda hapo hapo. Hata muuza karanga akalirudia.

Mlangoni alikuwa amekaa Mzee, babake Fundi, misumari midogo imejaa mdomoni, anaitema mmoja mmoja kwenye nyundo na kuigonga mbaoni. Misumari ile haikutoka kwa maneno. Ilitoka kwa chakula na kwa msiba, basi.

"Mmh," akasema Mzee.

"Amesemaje?" Miguu Mitatu akauliza.

"Amesema urudi ulikotoka."

"Mbona mimi nimesikia 'karibu kesho'?"

Fundi akataka kukasirika, cheko likamtoroka puani.

Na kesho yake akaja. Hakwenda ng'ambo. "Tangazo lao nimemaliza," akasema. "Sasa nataka kupiga lenu. Bure. Nilipie kule kukaa kwa jana."

Video ya kwanza ilikuwa na muziki mzito, makochi yakizunguka kama bibi harusi, na sauti ya kijana ikinguruma: "Ubora! Umaridadi! Uimara!"

"Wameangalia wangapi?" Fundi akauliza simuni jioni.

"Wako watu."

"Wangapi?"

"Wewe, mimi, na shangazi yangu. Shangazi kaangalia mara mbili."

"Sasa hao wanunuzi ni shangazi yako?"

"Usinicheke, sindano wewe."

"Sicheki. Nalia kwa kinyumenyume."

Bahati ikaja bila kupiga hodi. Kijana alikuwa akijaribu mwanga huku Fundi akichana tumbo la kochi kuukuu. Kitambaa kikapasuka, sponji likatoka, na katikati ya vumbi ikadondoka rimoti ya televisheni. Mwenye kochi, mwalimu aliyestaafu, alikuwa amesimama palepale. Akaishika rimoti, akaitazama, akakaa chini sakafuni.

"Mdogo wangu alichapwa kwa ajili ya hii," akasema. "Mimi ndiye niliyesema kaiuza. Mpaka leo hatujawahi kulizungumzia."

"Mpigie," Fundi akamwambia.

"Sasa hivi?"

"Rimoti imesubiri vya kutosha, mwalimu."

Akampigia. Kamera ilikuwa bado inarekodi, na mwalimu akaruhusu iendelee. Akamweleza, na sauti ya mtu mzima ikajibu simuni, "Kaka, si nilikwambia sikuiuza?" Halafu wakacheka wote wawili, huku wanalia, mpaka Mzee akajigonga kidole kwa nyundo.

Video hiyo ikawaka moto. Ikatazamwa na watu ambao hawana hata stuli. Miguu Mitatu akaja mbio, raba zinapiga kelele. "Fundi! Umeona? Watu hawataki 'ubora'! Wanataka kujua ni nani aliyekalia! Kochi ndilo lenye hadithi, sisi tunalichana tu!"

Wakaupa mfululizo jina, Tumboni mwa Kochi. Kila juma kochi moja linachanwa, mwenyewe yupo, na lolote lidondokalo linasimuliwa. Kila mwisho wa video Fundi alifanya kile ambacho karakana ilikuwa ikifanya tangu enzi za ujana wa Mzee. Vilivyopatikana, hata kifungo, alivitia kwenye kifuko alichokishona kwa mabaki ya kitambaa cha kochi lenyewe, akakifunga kwenye mguu wa mbele. Kisha anatazama kamera: "Cha mtu ni cha mtu." Ndiyo maana watu waliwaachia makochi ya vyumbani mwao bila hata kuyapekua.

Sasa foleni ya makochi ikafika kwa muuza karanga. Duka la vioo likaanza kuchungulia. Na simu nazo hazikulala.

"Umekula?" Miguu Mitatu anauliza.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utalala na njaa, mimi naaga."

"Usikate! Fundi wangu, niambie neno moja tamu."

"Gundi."

"Hilo ndilo neno tamu?"

"Ndilo linaloshika vitu visiachane. Fikiria." Akakata, akabaki amekumbatia mto wa kochi la watu.

Kisha makochi yakawa bubu. Likachanwa moja, makombo. Likachanwa jingine, kalamu na kichana. Kwenye komenti watu wakaanza: "Leo hakuna utamu." "Tunahama." Miguu Mitatu akazisoma mpaka zikamwingia damuni, akatenda kosa ambalo ni mtu wa video tu angelitenda. Aliona kwamba hadithi ikikosekana, inashonwa.

Likaletwa kochi la dereva wa lori na mkewe, msusi mwenye saluni mtaa wa pili. Siku ya kulichana wenyewe hawakupatikana. Kamera ikawashwa, Fundi akachana, na ikadondoka hereni moja ya dhahabu yenye jiwe la kijani.

"Jamani!" Fundi akapiga kelele ya furaha. "Sijui imelala miaka mingapi humu. Mama msusi, hereni yako hii hapa. Cha mtu ni cha mtu!"

Msusi akaiona akiwa kazini, vidole kwenye kichwa cha mteja. Mikono ikasimama.

"Hongera, hereni imepatikana," mteja akasema.

"Mimi," msusi akajibu polepole, "sijawahi kuwa na hereni ya kijani."

Akaja karakanani na aproni yake, kitana mkononi kama panga, simu sikioni. Dereva alikuwa huko njiani na sauti yake ilisikika mpaka nje. "Mke wangu, naapa, mimi kochi hilo silikalii hata! Nikirudi nalala!"

"Uongo! Hereni imeota yenyewe?" Akamgeukia Fundi. "Niambie ukweli, mwanangu. Hii imetoka kwenye kochi langu?"

"Imetoka, mama. Hatudanganyi hapa. Nimelichana kwa mikono yangu."

Miguu Mitatu alikuwa kando, amekuwa na rangi ya majivu. Akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, teksi ikasimama mlangoni, akashuka mama mmoja wa heshima, gauni la zambarau, mkoba kwapani, kilemba kimekaa sawasawa. Sikio la kushoto lilikuwa na hereni ya dhahabu yenye jiwe la kijani. La kulia lilikuwa tupu.

"Hodi. Nani anaitwa Fundi? Nimepekua nyumba nzima, nimemshuku mpaka paka, kumbe hereni yangu inaigiza mtandaoni!" Akamwona kijana. "Na wewe, mwanangu, ulikuwa unafanya nini kwenye meza yangu ya kujipodoa?"

Mzee akashusha nyundo.

"Mama..." Miguu Mitatu akaanza.

"Uliipanda," Fundi akasema. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililotisha. "Uliipanda, ukaniacha niseme kwa mdomo wangu kwamba imetoka humo. Umemgombanisha huyu mama na mumewe kwa kinywa changu."

"Nilidhani angecheka, nilidhani..."

"Toka."

"Fundi wangu..."

"Toka na miguu yako yote."

Akatoka, mama yake nyuma akimfokea, hereni ikasahaulika mkononi mwa Fundi. Mtandao haukulaza damu. Aliyekuwa kwenye teksi, aliyekuwa saluni, wote walikuwa na vidole. "Waongo!" komenti zikamiminika. "Na rimoti nayo ilipandwa!" "Yule mwalimu ni mwigizaji!" Watu wakaja kuchukua makochi yao hata kabla hayajaguswa. Foleni ikafupika mpaka likabaki moja, la msusi, ambaye alisema hataki kuliona. Mwalimu alipita akiwa amekunja uso. "Binti, mdogo wangu kaniuliza kama yale machozi nilifundishwa."

Hilo ndilo lililomliza Fundi.

Simu ikalia. Akaipokea kwa bahati mbaya, au alisema hivyo.

"Usikate," Miguu Mitatu akasema. "Sijapiga kuomba unisamehe."

"Sasa umepiga kufanya nini?"

"Kuomba ruhusa. Nataka nisimame pale nje kesho, nifungue laivu. Nimeshazungumza na msusi na dereva. Mwalimu nimemwangukia. Mama nimemwangukia mara mbili, mara ya kwanza alikuwa hasikii kwa hasira."

"Watakutukana."

"Wanitukane mimi. Wewe wakuletee makochi."

"Usikae kwenye kochi," Fundi akasema, akakata.

Kesho yake mchana watu walifurika kando ya barabara. Lile kochi la msusi lilikuwa nje, limemalizika, kitambaa cha maua ya machungwa kinang'aa. Miguu Mitatu akasimama pembeni yake. Shati halikupigwa pasi. Msusi alikuja na dereva, na nyuma yao mteja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado imesimama, asije akaukosa mwisho.

"Jamani mnaotazama," kijana akaiambia kamera, "rimoti ni ya kweli. Kichana ni cha kweli. Makombo ni ya kweli mno. Kitu kimoja tu ni cha uongo, hereni, na mwongo ni mimi. Niliiba mezani kwa mama yangu, huyu hapa..."

"Sogea, hawanioni," mama yake akasema, akarekebisha kilemba.

"...nikaitia kwenye kochi la watu kwa sababu niliogopa mtatuhama. Fundi hakujua. Niliogopa kumwonyesha dada aliyechana makochi siku nzima akapata kalamu moja. Kumbe hiyo ndiyo hadithi. Anachana, hapati kitu, na bado kalamu anaifungia kwenye kifuko."

"Na mume wangu?" msusi akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo.

"Mumeo ni msafi, mama. Kochi hilo halikalii hata."

"Si nilisema!" dereva akaruka. "Nikirudi nalala!"

Watu wakaangua kicheko, msusi akampiga mumewe kofi la begani, lile la kusamehe. Ndani ya karakana, Mzee aliendelea kugonga, kwa hiyo hakuna aliyesikia Fundi akitoka. Alikuwa amevaa ileile ovaroli, lakini kitambaa cha kichwani kilikuwa kipya, chekundu, na wanawake wote waliona. Hakumtazama kijana. Akachuchumaa mbele ya stendi ya kamera, akafunga kifuko kidogo kwenye mguu wake mmoja. Kilishonwa kwa mahameli ya lile kochi la siku ya kwanza.

"Ni nini?" Miguu Mitatu akauliza kwa mnong'ono.

"Fungua. Uko laivu, usinitie aibu."

Akafungua. Hereni ya kijani ikamdondokea kiganjani. Akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili, mama akaivaa, masikio yakawa sawa.

"Cha mtu ni cha mtu," umati ukaitikia kama kwaya.

"Na mimi je?" kijana akauliza. "Mimi ni wa nani?"

"Wewe ni msumbufu wa mtaa mzima."

"Fundi wangu..."

"Subiri. Ukipanda kitu kwenye kochi langu tena, hata kifungo?"

"Unishone humo humo."

"Hadithi ikikosekana?"

"Tutaonyesha makombo."

"Na ukichoka?"

"Nitakaa chini. Si kwenye mahameli."

Cheko likamtoroka tena puani, kama siku ile, na safari hii hakulirudisha. Komenti zilikuwa zinapanda mpaka simu inapata joto. Mwalimu alikuwa anapunga rimoti hewani. Mama wa kilemba alikuwa anajifuta macho na kuuliza kama kamera bado inawaka.

Fundi akachomoa sindano kwenye kola, akaichomeka kwenye mkono wa kochi, akageuka kuelekea mlangoni.

"Baba, toa misumari mdomoni. Mama yake ni huyu hapa. Nakuomba uniposee huyu."