Vifuniko Kumi vya Dawa ya Kupe

Jumamosi ile asubuhi, bomani kwa Gathii hapa Endebess kulikuwa na amani. Mkewe Nabwile, mzaliwa wa kijiji cha Kamukuywa, alikuwa akichuja maziwa ya Sera, ng'ombe wao wa pekee. Mtoto wao Wangui, wa gredi ya sita, alikaa mlangoni na daftari akisoma karatasi ya dawa mpya ya kupe na kuandika hesabu.

"Baba, wamesema mililita thelathini kwa lita kumi na tano za maji," alisema. "Ukigawanya zote kwa kumi na tano, ni mililita mbili kwa lita moja. Pampu yetu ni ya lita kumi, kwa hivyo ni ishirini. Kifuniko cha chupa kinabeba ishirini. Weka kimoja tu."

Gathii alicheka kwa dharau. Dawa ya zamani aliipima kifuniko kimoja kwa kila lita, lakini kifuniko kile kilikuwa kidogo sana.

"Ati kimoja? Nimeogesha ng'ombe kabla uzaliwe, bana. Lita kumi, vifuniko kumi."

"Si umsikize mtoto, Baba Wangui," Nabwile alisema.

"Wewe lete maji."

Alileta. Ndugu zangu, kumbukeni kwamba alichofanya mama huyu ni kuleta maji tu.

Gathii mwenyewe alimimina vifuniko kumi, akamnyunyizia Sera mwili mzima. Kabla ya saa sita Sera alikuwa chini akitetemeka, povu mdomoni. Akafa. Na Gathii, badala ya kujiuliza, alimgeukia mkewe.

"Umetia nini kwa maji? Umeniulia ng'ombe!"

Alichukua mpini wa jembe. Alimpiga mgongoni, akampiga begani, akazidi kumpiga alipoanguka kando ya mzoga. Sisi majirani tulisikia nduru. Tulisema ni mambo ya mtu na bibi yake. Nasema kwa aibu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nikianika mahindi ng'ambo ya ua.

Wangui aliruka katikati na daftari lake. "Baba, wacha! Utaua mama! Ni dawa, uliweka mia mbili!"

Mpini ulikuwa umeshashuka. Ulimvunja mtoto mkono wa kulia. Hapo ndipo tuliporuka ua, tukamshika Gathii.

Daktari wa mifugo alipofika aliokota daftari lililojaa matope. "Nani amepiga hesabu hii?"

"Msichana wangu," Gathii alijibu.

"Iko sawa kabisa. Wewe umeweka mara kumi ya kipimo hiki."

Kutoka hospitali ya Kitale, Nabwile alimpeleka mtoto moja kwa moja kwao Kamukuywa. Gathii alichukuliwa na polisi, akalala seli. Alipotoka aliwafuata, lakini shemeji yake Wabwile, kaka yake Nabwile, alimzuia langoni. Wangui alitoka, mkono ukiwa kwenye plasta.

"Mama yangu, nisamehe," Gathii alimwambia binti yake. "Turudi nyumbani."

"Baba, ile asubuhi ulinisikia?"

Gathii aliinamisha kichwa. "Nilikusikia."

Wangui alirudi ndani kwa mama yake.

FUNZO

Kabla ya kuchanganya dawa, tafuta kwanza kiasi cha lita moja, kisha zidisha kwa lita ulizo nazo. Usipime dawa mpya kwa mazoea ya ile ya zamani. Mtoto akikuonyesha kosa, msikilize, hata kama anakuaibisha. Usimpige mtu kwa kosa lako, wala kwa lake. Na sisi majirani, tukisikia nduru, turuke ua mapema. Mkono ule ungalikuwa mzima leo.