Udongo Mweupe wa Kiwandani

Zita alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akiishi Milanzi, Sumbawanga, na bibi yake, Leonia. Kila siku aliamka kabla jua halijachomoza, akawasha moto, akachota maji bombani, kisha akamsugua bibi magoti kwa mafuta yaliyopashwa moto. Baridi ya Sumbawanga ilikuwa imeyakaza magoti yale kiasi kwamba bibi hakuweza kuinuka bila kushika ukuta. Kazi ikiisha, bibi alimpa kikombe cha uji wa ulezi, akamtazama mpaka aumalize, ndipo akamruhusu kwenda shule.

Njiani Zita alimpitia rafiki yake Edith. Edith alikuwa mchezaji wa mstari wa mbele katika kwaya ya watoto parokiani. Alipoanza kupiga hatua, hata wazee waliokuwa wakisinzia kwenye mabenchi walifumbua macho.

Nyuma ya mtaa wao, ng'ambo ya mikaratusi, kulikuwa na kiwanda cha zamani cha matofali na vigae. Kilifungwa bibi akiwa darasa la pili. Mabati yaling'olewa, mashine zikauzwa, vibarua wakaenda zao. Halafu majani yakaja kuchukua nafasi. Mtini ukaota juu ya bomba la moshi. Matanuri yakajaa kangaga, na mashimo ya udongo yakageuka mabwawa yenye matete, ambako ndege wa manjano walifuma viota. Mipera nayo ikaota, kutokana na mbegu za mapera waliyokula vibarua wakati wa mapumziko.

Jioni, wakipukuchua mahindi, bibi alipenda kusimulia utoto wake wa kule. Yeye na mdogo wake, Maximilian, waliteleza kwenye kingo za udongo mpaka nguo zikachanika. Walifinyanga vikombe na kuvianika juani. Walicheza misa mbele ya mlango wa tanuri, Maximilian akiwa padri aliyevaa gunia. Na kila mwaka akina mama walichukua pale udongo mweupe wa kusiriba nyumba kwa ajili ya Krismasi. Ulio bora, bibi alisema, ulikuwa chini kabisa, mizizi isikofika.

Siku moja Zita aliuliza Maximilian yuko wapi sasa. Bibi akajibu kwamba alifariki akiwa mdogo, akachukua gunzi jingine. Zita alipoomba kwenda kupaona, bibi alikataa.

"Kule kuna nyoka," alisema.

Lakini Zita na Edith walikuwa wamekwisha kwenda mara tatu, na hawakuona nyoka wala gamba lake. Zita akaamua moyoni kwamba hayo ni maneno tu ya wakubwa ya kuwazuia watoto.

Ikafika Desemba. Kuta za sebule yao zilikuwa zimebanduka. Bibi alipanda kigoda ajaribu kuzisiriba kwa udongo uliobaki kwenye ndoo, magoti yakamkatalia. Alishuka taratibu, akakaa chini, akacheka kidogo. Alisema mwaka huu Krismasi itaikuta nyumba jinsi ilivyo. Zita aliyaona machozi yaliyofuata kicheko kile, ingawa bibi aligeuka ili yasionekane.

Jumamosi iliyofuata, Zita alimwambia bibi kwamba anakwenda na Edith mazoezi ya kwaya. Badala ya kwenda parokiani, wakachukua ndoo na jembe dogo walivyovificha kwenye mikaratusi, wakashika njia ya kiwandani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

Kuna jambo ambalo Zita hakulijua, kwa sababu hakuambiwa. Wanawake wa zamani walichimba udongo ule wakati wa kiangazi, ukingo ukiwa mkavu, wakauhifadhi nyumbani mpaka Desemba. Mvua ikishaanza, hakuna aliyeugusa ukingo ule. Zita alijua mahali pa kuchimba. Hakujua wakati wa kuchimba.

Udongo wa juu ulikuwa na mizizi, kwa hiyo wakachimba chini ya ukingo, wakiingia ndani, mpaka wakapata shimo kama mdomo wa tanuri. Edith alikuwa ndani, Zita nje akijaza ndoo.

"Mwambie bibi yako Krismasi anipe kuku mzima," Edith alisema. "Nusu sitaki."

"Utapata shingo."

"Shingo mpe mjomba wako, ndiye mwenye meno."

Wakacheka. Kisha Zita akasikia mlio mzito, kama gunia la mahindi linapobwagwa sakafuni, na ukingo ukashuka.

Edith alifukiwa mpaka kifuani. Zita alimvuta mikono, hakutoka. Akafukua kwa kucha, udongo mwingine ukateremka. Edith alikuwa mweupe uso mzima. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hausikii mguu wake mmoja, kisha akamwambia Zita aende kuita watu, aende haraka.

Zita alikimbia. Alipofika penye mikaratusi alikutana na bibi akirudi polepole kutoka mashine ya kusaga, pamoja na jirani yao, Mzee Felisian, aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la unga. Bibi alisimama akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mbona una udongo hivyo? Edith yuko wapi?"

Zita alifungua kinywa aseme kweli. Maneno yaliyotoka ni yale aliyoyaandaa tangu asubuhi.

"Amebaki kanisani. Mimi nimeteleza njiani."

Hata yeye alishangaa kusikia sauti yake. Alitaka kuyarudisha maneno yale, lakini aliona aibu, kisha hofu, na kila hatua waliyopiga kuelekea nyumbani iliyafanya magumu zaidi kuyarudisha. Mzee Felisian alimwonea huruma. Alihamishia gunia mbele, akakunja koti lake akaliweka kwenye keria ili chuma kisimuumize, akambeba taratibu mpaka nyumbani.

Bibi hakumgombeza. Alipasha maji, akamkalisha mlangoni, akaanza kumnawisha kidole kimoja kimoja. Maji ya beseni yakageuka meupe kama maziwa. Mikono ya bibi ikasimama.

Kabla bibi hajauliza lolote, Zita alisema, "Bibi, Edith amefukiwa kiwandani. Nimemwacha yuko hai."

Bibi Leonia, ambaye hakuweza kuinuka bila kushika ukuta, aliinuka bila kushika kitu.

Mzee Felisian alipita nyumba kwa nyumba. Vijana wa bodaboda walitoka kijiweni na pikipiki zao, wanaume wakaja na majembe, wanawake na masufuria. Bibi, aliyepakiwa kwenye pikipiki mojawapo, aliwakuta shimoni wakijiandaa kuchimba, akaingia katikati yao.

"Wekeni majembe chini," alisema. "Mikono na masufuria tu."

Wakamtii. Mvua ikaanza tena. Kijana mmoja ambaye hata jina lake Zita hakulijua alivua jaketi lake akalitanda juu ya uso wa Edith, akakaa vile vile mgongo ukilowa mpaka walipomaliza. Mama Edith alifika kutoka sokoni akiwa na kandambili moja mguuni. Edith alitolewa akiwa anapumua, lakini hakuweza kusema.

Hospitalini madaktari walijitahidi usiku na mchana. Siku ya pili walimkata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Zita alimuuliza muuguzi kama mguu ungepona iwapo Edith angetolewa mapema zaidi, labda kwa nusu saa. Muuguzi aliacha kukunja shuka, akainama ili watazamane.

"Labda ungepona, labda usingepona," alisema. "Sijui, mama, na sitaki kukudanganya."

Lililomuumiza Zita zaidi ni shukrani. Mama Edith alimkumbatia mbele ya watu, akasema kama si Zita kukimbia kuita watu, leo wangekuwa msibani. Watu wakamsifu. Habari ya uongo wake waliijua bibi na Mzee Felisian tu, na mzee yule hakuwa mtu wa kusema mambo ya nyumba za wengine. Kama Zita angenyamaza, jambo lingeishia hapo. Siku tatu hakumwambia mtu.

Siku ya nne bibi alimwita akae karibu naye.

"Nilipokuambia Maximilian alifariki mdogo, sikukuambia alifarikije," alianza. "Ukingo ule ule ulimwangukia. Ilikuwa masika, na mimi nilikuwa na miaka kumi. Mimi ndiye niliyemwambia aingie. Nilikimbia nyumbani, nikaogopa fimbo ya baba, nikasema Maximilian amefuata ndama bondeni. Watu wakamtafuta bondeni mpaka jua likaanza kuzama. Niliposema kweli, walichimba kwa majembe kwa sababu ya haraka, na majembe yalimkuta. Hata hapo sikusema yote. Nilisema alikwenda peke yake. Mama yangu alikufa akiamini hivyo."

Zita aliinama mbele yake. Alimshika bibi magoti, kama afanyavyo asubuhi.

"Miaka hamsini na miwili, mjukuu wangu. Halafu wewe ukaniuliza habari za kule, nikakupa tamu yote, chungu nikaificha, nikakuambia nyoka. Ungejua kilichomuua Maximilian, usingeuchimba ukingo ule. Kosa hilo ni langu, nami nitalisema kwa Mama Edith leo. La kwako ni lako. Sitakusemea, ila nitakuwa ubavuni mwako."

Walimkuta Mama Edith nje ya wodi, akimenya chungwa la mwanawe. Walimsalimia, wakakaa. Zita alisema yote: kwaya ambayo hawakwenda, shimo walilochimba, na jibu alilompa bibi penye mikaratusi. Alieleza jinsi alivyopakiwa kwenye baiskeli huku Edith akiwa udongoni. Kisha bibi naye akasema ya kwake, habari za nyoka na za Maximilian.

Mama Edith aliacha kumenya. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo, akasimama pale akiwa amewapa mgongo. Walimsubiri. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Zita, leo sina neno zuri la kukupa," alisema. "Labda siku nyingine. Lakini ungenyamaza, ningekushukuru maisha yangu yote, na kila shukrani ingekuwa ya uongo. Sasa nikilia, angalau najua ninalia nini." Akampa lile chungwa. "Mpelekee mwenzako. Umwambie mwenyewe."

Edith alisikiliza akiwa ametazama dari. Zita alipomaliza, Edith alisema kwamba kule udongoni alikuwa akiimba moyoni nyimbo za kwaya, moja baada ya nyingine, akihesabu. Alifikia wimbo wa tisa. Kuanzia wa tano aliamini Zita amekwenda na hatarudi.

"Nisamehe," Zita alisema.

Edith aligeukia ukutani. Chungwa alilichukua bila kugeuka.

Krismasi ilikuta nyumba ya bibi ilivyo. Mwezi wa kwanza ulipita, na Edith akaruhusiwa kurudi nyumbani na magongo mawili. Zita alimpitia kila asubuhi, akambebea begi mpaka darasani. Wiki ya kwanza walitembea kimya. Wiki ya pili Edith alimwambia kwamba anabeba begi vibaya, vitabu vitakunjika masikio. Wiki ya tatu alimuuliza hesabu ya sita ameipataje. Urafiki wao haukurudi ulivyokuwa, na Zita hakuomba urudi upesi. Mstari wa mbele wa kwaya uliachwa na pengo mahali pa Edith, mpaka mwalimu alipomwomba aongoze sauti ya kwanza.

Bibi alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akasema tena habari zake zote, safari hii mbele ya mkutano. Wazee wawili waliomkumbuka Maximilian walilia waziwazi. Mvua zilipokwisha na udongo ukakauka, watu wa mtaa walikwenda na majembe wakaukata ukingo kuanzia juu, wakauteremsha mpaka ukawa mteremko ambao hata mtoto anayetambaa angeushuka. Shimo la chini likafukiwa kwa matofali yaliyovunjika.

Siku ile kazi ilipomalizika, bibi aliwaita watoto wote wa mtaa. Alikwenda akiwa ameshikwa mkono na Mzee Felisian. Edith alikuja juu ya pikipiki, akiendeshwa polepole na yule kijana wa jaketi. Bibi aliwaonyesha mipera, matanuri, na bwawa lenye kina wasilopaswa kusogelea. Kisha akasimama kwenye mteremko mpya.

"Hapa tulicheza, na palikuwa pazuri," alisema. "Na hapa mdogo wangu alifariki. Yote mawili ni kweli. Sisi wakubwa tukiwaficha ukweli kwa kuwahurumia, mnaiendea hatari bila kuijua. Na ninyi mkituficha kwa kuogopa, tunawatafuta msipokuwepo. Fimbo inauma siku moja. Neno mlilolimeza mtazeeka nalo. Kwa hiyo semeni, hata kama mmekosea. Hasa mkiwa mmekosea."

Ndege wa manjano waliendelea na kelele zao matetini. Edith aliegemea magongo yake, akamtazama bibi.

"Maximilian alikuwa mtu wa namna gani?" aliuliza.

Hakuna aliyewahi kumuuliza bibi swali hilo. Alikaa juu ya rundo la matofali, akafuta macho kwa ncha ya khanga, watoto wakamsogelea. Zita akamsogezea Edith nafasi, Edith akakaa. Bibi akaanza kuwaambia kwamba alikuwa mfupi, mbishi, na hakujua kabisa kupiga mluzi.