Martine Alimtoa Mama Yangu Chumba cha Kwanza

"Huyu si mama yangu!"

Nilipiga kelele mpaka bakuli la uji likaniponyoka.

Kwenye kitanda cha mama yangu alilala mwanamke mwingine, amejifunika blanketi zuri, anakula papai!

Jamani... mama alikuwa ametoka kupasuliwa tumbo. Daktari mwenyewe alisema aangaliwe kila wakati. Nilikwenda nyumbani kupika tu, narudi, hayupo!

Mimi ni Reine, mzaliwa wa Likasi, Kongo. Haya yalinikuta mtaani Panda, miaka ile ya tisini, kampuni ya shaba ikiwa inakata roho. Hospitali sitaitaja, ila waliolazwa pale watakumbuka vile vyumba vitatu.

Chumba cha kwanza, nesi anakaa humo humo. Anapima presha, anaangalia dripu. Ndugu hakanyagi! Chakula unakabidhi mlangoni, mgonjwa wako unamchungulia kwenye kioo.

Cha pili, nesi anapita asubuhi na jioni.

Cha tatu? Huko mgonjwa ni wako. Ndugu wa kumlinda, garde-malade tunamwita, analala sakafuni kando ya kitanda, anapika, anaogesha, na nesi anamtafuta mwenyewe.

Nesi wa zamu alikuwa Martine. Rafiki yangu wa chanda na pete! Ndiye aliyenisimamia siku ya harusi yangu.

"Martine, mama yangu iko wapi?"

"Calme-toi, Reine, tulia. Banamupeleka chambre ya tatu. Iko mieux, amepata nafuu."

"Docteur alisema abakie hapa!"

"Weye unajua kuliko minye? Njo minye infirmière hapa!"

"Na huyu anakula papai ni nani?"

Akanifungia mlango usoni.

Baadaye nikaambiwa. Yule alikuwa Mama Henriette, mama mkwe wake! Malaria ya kawaida tu... lakini Martine alitaka sifa ukweni.

Nikakimbia chumba cha tatu. Bandeji ya mama imelowa damu! Mwanamke nisiyemjua amepiga magoti, amemkandamiza tumbo kwa kikwembe chake cha kiunoni.

"Njo weye mutoto yake? Minye Mayimuna, nachunga bwana yangu pale. Niliona damu, nikatuma batu baite docteur. Kamata hapa, usiachie!"

Daktari akaja mbio, mama akashonwa upya. Aliponea chupuchupu.

Siku ile nikaapa. Martine, hii utailipa!

Kila nilipopita kwenye kile kioo nilimwangalia mama mkwe wake na roho ikanichemka. 

Halafu mchana mmoja, nimebeba maji ya kumwogesha mama, nikachungulia kama kawaida.

Meza ya nesi tupu!

Mishahara ilikuwa haitoki, kwa hiyo manesi walikuwa wakichomoka kwenda sokoni kuuza mikate. Kila mmoja alimtegemea mwenzake abaki. Siku hiyo hakubaki hata mmoja, na ndugu ndio hivyo, marufuku kuingia.

Mama Henriette alikuwa ameanguka. Kichwa kimebanwa kati ya kitanda na ukuta, shingo imepinda, miguu inatapatapa...

Nikasimama. Moyo ukaniambia, mwache! Mama yako naye si aliachwa?

Msinifanye mtakatifu. Niliingia, ndiyo, lakini si kwa huruma. Nilimtaka hai, ili asikie nitakachomwambia!

Nikasukuma kitanda, nikamvuta, nikamkalisha. Akakohoa, akavuta pumzi.

"Mutoto... weye nani?"

"Niko mutoto ya ule mama banatosha mu iki kitanda, banamutoa sababu ya weye."

Akanikazia macho.

"Banatosha muntu? Martine aliniambia kitanda ilikuwa vide, haina muntu!"

Kumbe hakujua chochote...

Hapo hapo Martine akatokea na beseni la mikate kichwani. Alipomwona mama mkwe sakafuni, beseni likaanguka.

"Maman! Mungu wangu! Reine, merci... Mama yako nitamurudisha hapa leo leo!"

"Arudi kufanya nini? Hapa hakuna muntu!"

Mama Henriette akamnyamazisha kwa mkono.

"Reine, sema. Unataka nini?"

Nilikuwa na jibu tayari.

"Martine akuwe garde-malade ya mama yangu. Na uniforme yake, mbele ya batu yote!"

"Minye? Infirmière?!"

"Utafanya!" mama mkwe akakata. "Na minye munibebe, munipeleke kule kule. Minye nataka kulala fasi iko macho ya batu!"

 Wagonjwa wawili, nesi mmoja!

Basi alimwogesha mama yangu, akamwaga chombo cha haja, akalala sakafuni kama sisi. Wanawake wote wa chumba cha tatu wakitazama, na Mayimuna akimsimamia:

"Sukula na mugongo, infirmière!"

Mimi nilikaa pembeni. Mama Henriette akanimegea kipande cha papai lake, nikala taratibu.

Ndugu zangu, usimtoe mgonjwa wa mwenzio machoni pa watu ukadhani wako atakuwa salama. Kitanda hakimwangalii mtu!

Wewe uliyewahi kulala chumba cha tatu, niambie ni nani alikulinda.

Na Martine, najua unasoma hapa... Lile papai lilikuwa tamu!