Mlango wa Bwana Misitu

Haya yalimkuta bwana misitu, rafiki yangu kwa bahati mbaya. Msitu aliopewa aulinde, aliutolea vibali vya kukata mpaka ukaisha. Mti wa mwisho ulikuwa na kigong'ota, ndege agongaye miti kwa mdomo, akiatamia tunduni. Nao akauchongesha mlango wa ofisi yake, eti kumbukumbu!

Mchana mmoja umeme ulikatika, ofisi isiyo na dirisha ikawa giza totoro. Ngo, ngo, ngo.

“Karibu!” akafoka.

Ngo, ngo, ngo.

“Nimesema karibu! Huna masikio?”

Akajikokota na kitambi chake, akaufungua mlango. Nje hakuna mtu. Akausukuma mpaka ukagota ukutani, akaushikilia kwa kiganja, akitukana.

Ngo, ngo, ngo. Chini ya kiganja chake, kutokea ndani ya ubao.