Siku Nyamizi Aliposimamisha Ngoma

Kwa ngoma, sisi watu wa vijiji vya Masumbwe hatujambo. Mgeni akija, tunampokea kwa ngoma mpaka vumbi litimke. Mwaka ule wa 1996 manju wetu, kiongozi wa waimbaji, alikuwa Nyamizi, mke wa Bujiku na mama wa Masalu. Lo, mama yule alijua kuimba!

Lakini nyumbani kwake hakukuwa na raha. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wanaoshea mchanga wao kwenye lambo letu. Walitumia zebaki, na zebaki ni sumu. Ng'ombe walikunywa lamboni. Sisi pia tulichota humo. Kisha ng'ombe wa Bujiku wakaanza kufa.

"Tunahama," Bujiku alisema. "Tunakwenda Rukwa."

"Rukwa! Nimwache mama yangu na uzee ule?"

"Mama Masalu, ng'ombe wanakunywa maji. Hawanywi machozi."

Nyamizi alilia. Kesho yake alikwenda Masumbwe kununua kamba za kufungia mizigo. Mwenye duka alikuwa Vijaya, mama mcheshi aliyependa kusoma magazeti.

"Kamba zote hizi za nini?" Vijaya aliuliza.

Nyamizi akamweleza. Vijaya akashangaa.

"Mbunge wenu si alikuja juzi tu? Alisemaje kuhusu lambo?"

"Hatukumwambia."

"Ebo! Mlifanya nini sasa?"

"Tulicheza ngoma. Tukamchinjia dume. Mume wangu akamwomba baiskeli. Jua likazama, akaondoka."

Vijaya alicheka mpaka akashika meza. Nyamizi naye akacheka, ingawa aliona aibu.

"Sikiliza, Mama Masalu. Mbunge si tajiri wa kugawa baiskeli. Kazi yake ni kutunga sheria na kuisimamia serikali. Anauliza swali bungeni, waziri anajibu. Tena huyo mbunge wenu, Asteria, ni mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya mambo ya maji. Kamati inaweza kuwaita wakubwa wa wizara wajieleze. Lakini atauliza nini, kama ninyi mnamchezea ngoma tu?"

"Mimi sijui kuhutubia, dada."

"Hujui! Kijiji kizima kinakusikiliza wewe!"

Nyamizi alirudi bila kamba. Alimbembeleza mumewe wasubiri mpaka mbunge aje tena. Bujiku alinung'unika, lakini alikubali.

Asteria alipokuja, ngoma zililia kama kawaida. Nyamizi aliimba ubeti mmoja wa kumkaribisha mgeni. Halafu akainua mkono. Ngoma zikanyamaza. Tukatazamana.

"Mheshimiwa," Nyamizi alisema. "Leo sitakusifu. Maji yetu yana sumu. Ng'ombe wanakufa. Mimi na watoto wangu tunalazimika kuhama. Utatusaidiaje?"

"Mke wangu!" Bujiku aling'aka. "Mgeni haulizwi hivyo!"

"Mwache, baba," Asteria alisema. "Mimi si mgeni. Mmenituma kazi. Nilikuwa mwalimu, nikawa diwani, sasa ni mbunge. Kote huko sijawahi kujibu swali nisiloulizwa. Haya, twendeni nikalione hilo lambo."

Tukaenda wote. Aliuliza mengi, akaandika. Kisha akasema, "Sina hela ya kuwachimbia kisima kutoka mfukoni. Nisiwadanganye. Ila nitauliza bungeni, na kamati yangu itakuja hapa."

Siku ya swali tulijazana dukani kwa Vijaya kusikiliza redio. Tuliposikia jina la kijiji chetu, tulipiga vigelegele hata jibu la waziri hatukulisikia vizuri. Vijaya ndiye aliyetueleza.

Kamati ilikuja kweli, pamoja na wataalamu wa maji. Walipima, wakazungumza nasi, wakazungumza na wachimbaji pia. Wachimbaji wakatengewa mahali pa kuoshea, mbali na maji ya watu. Nasi serikali ikatuchimbia kisima kirefu chenye pampu, na pembeni birika la mifugo.

Siku ya kufungua kisima, Asteria alicheza ngoma nasi mpaka kilemba kikamdondoka. "Wabeja, mayo!" tulimshukuru, yaani asante, mama. Naye alituonya, "Pampu hii mtaitunza ninyi. Ikiharibika, msikae kimya tena."

Bujiku alikuwa birikani, anawatazama ng'ombe wake wakinywa. Nyamizi akamsogelea.

"Baba Masalu, safari ya Rukwa lini?"

Bujiku akajifanya kushangaa.

"Rukwa? Nani aende huko? Mbunge wa kule hanijui!"