Panga la Posa

Gari-moshi la Kongolo likiingia Kindu, stesheni haipitiki, na anayekuambia amepita bila kukanyagwa ni mwongo. Adolphine alikuwa pale na kikwembe chake cha njano, akiwakatia abiria miwa, mara kisu kikavunjika mkononi mwake. Kijana mwenye aproni ya ngozi aliinama akaokota kipande. Ndiye Anaclet, mhunzi wa karakana ya reli. Badala ya kumtazama msichana, alikielekeza kipande juani na kuchungulia pale kilipovunjika.

"Watu wote wananiangalia miye, weye unaangalia kisu," Adolphine alimwambia.

"Kuja uone. Chuma iko na punje ndani, sawa unga. Hii ilipata moto sana, punje zikanenepa. Unaona zinang'aa kama chumvi? Chuma ya vile iko nguvu kwa macho tu."

"Na ile muzuri?"

"Ndani iko kijivu, laini kama majivu. Lakini ile hauivunji ovyo."

Alimfulia kisu kingine, na kisu kikaleta salamu, salamu zikaleta mazungumzo, na haukupita muda Anaclet akawa "fundi wangu" na Adolphine akawa "Dolfi". Ah, mapenzi hayabishi hodi!

Taabu ilikuwa kwa mzee Isidore, baba wa Adolphine. Yeye alimtaka Louis, karani wa mgodi kule Kampene, na kamyo ya Jumamosi ilikuwa tayari kumpeleka binti kwa shangazi yake huko huko. Lakini mila hakuidharau. Kwao, mhunzi akiposa huleta panga alilofua mwenyewe, na baba mkwe hulipiga kwenye gogo kavu mbele ya watu. Likistahimili, amepata mke. Likivunjika, asirudi. Na kabla ya siku ile, binti anayeposwa hakanyagi penye moto wa mhunzi huyo, maana ni aibu kwa baba yake. Isidore akasema haya, alilete kabla ya Jumamosi.

Anaclet alichukua resori, yaani bamba la springi, ya kamyo mbovu, akaikata vipande viwili, kimoja akakiweka kando, kingine akakitia motoni. Adolphine naye nyumbani hakukaliki. Anakaa, anasimama, anachungulia njia, sufuria inaungua. Mwisho alimwambia mama anakwenda kuteka maji mtoni, akakata kona mpaka kwa mhunzi. Alisimama mlangoni na mtungi wake, akamtania kwamba amekonda kwa hofu ya mkwe. Anaclet akacheka, akamjibu, wakachekana, huku mkono wa fundi ukiendelea kuvuta mivukuto bila yeye kujua. Alipogeuka, chuma kilikuwa cheupe. Alikitoa mbio akakifua hivyo hivyo, akakizamisha katika mafuta ya mawese, akijipa moyo kwamba kitafaa. Haraka ilimponza.

Ijumaa jamaa walikaa kwenye mikeka, Isidore akavua koti, akapiga gogo. Panga liliuma vizuri. Akapiga tena, na panga likakatika katikati, kipande kikaruka mpaka miguuni pa akina mama.

"Chuma mubaya, na mufuaji wake vilevile," mzee alisema.

Anaclet alijibu kwamba kosa ni lake, akaaga kwa heshima, akaondoka bila kugeuza shingo. Hilo ndilo lililomchoma Adolphine. Hata neno la kubembeleza? Hata jicho? Kumbe alimchezea tu! Alitupa nguo zake kwenye sanduku kwa hasira, akazitoa, akazitupa tena. Akashika fagio afagie uani, angalau mikono ipate kazi, na fagio likagonga kile kipande.

Alikiinua juani. Kilikuwa kinang'aa kama chumvi.

Akaukumbuka ule moto mweupe na kicheko chake mwenyewe. Anaclet alijua tangu panga lilipokatika, akanyamaza, maana kusema ni kumfichua yeye. Na Adolphine akisema sasa, baba anaweza kumfukuza nyumbani usiku haujaingia. Alikwenda akapiga magoti palepale mbele ya jamaa.

"Baba, chuma haikuwa mubaya. Njo miye nilikwenda kwa moto wake, nikamuchekesha mpaka ikaungua. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Lakini yeye usimuonee."

Akina mama waliziba midomo. Isidore akalivaa koti lake.

"Resori ingine iko?"

"Iko, baba. Niliona kipande cha chuma ile ile, alikiweka kando."

"Basi afue. Na weye utakaa hapa kwa macho yangu."

Kukaa! Jumamosi nyundo ilisikika tangu alfajiri, na kila iliponyamaza Adolphine alidhani moyo wake umenyamaza nayo. Kamyo ilipiga honi, ikapiga tena, ikaondoka. Ndipo Anaclet akatokea na panga. Isidore alipiga, akapiga, mpaka gogo likapasuka na yeye akaishiwa pumzi. Akapitisha kidole kwenye makali.

"Mukwe," alisema, "kiti iko pale."

Mahari ilipokwisha, Adolphine aliingia penye ule moto mchana kweupe, hakuna wa kumkataza. Nyuma ya mlango aliona furushi. Ndani yake mlikuwa na shati na nyundo.

"Hii ya nini?"

Anaclet aliinamisha uso. "Ilikuwa ya Kampene. Kama kamyo ingekubeba."

Adolphine alifungua fundo mwenyewe, akairudisha nyundo mahali pake.