Mama Aliyeachwa Mlangoni

Kwenye meza za samaki, katikati ya soko la Bunia, Fulgence alikutana ana kwa ana na mke wake, Bibiane, aliyekuwa amekimbilia kwa mama yake kule Rwambuzi. Alivaa kikwembe cha manjano cha siku ya harusi, lakini sasa kilimlegea kiunoni.

"Bibiane! Mutoto iko wapi? Ananyonya muzuri?"

"Iko kwa mama." Bibiane aliacha samaki aliokuwa akichagua, akapotelea katika watu.

Jamani, mwanaume huyu! Alirudi nyumbani akinung'unika kwamba hapendwi tena. Tangu mtoto wao Abigaël azaliwe, Bibiane alikuwa akilia bila sababu, hali chakula, halali usingizi. Naye Fulgence akamwambia mbele ya ndugu kwamba ana moyo wa jiwe. Kesho yake Bibiane akafunga mizigo, akaenda kwa mama yake.

Juma lile Fulgence aliitwa kwenye mafunzo ya relais, wale wanaotembelea wagonjwa nyumbani. Mwalimu wao, Mama Séphora, akakaa kwenye mkeka, akajifanya mzazi.

"Papa Abigaël, ingia unitembelee."

Fulgence akaingia na sabuni mkononi, kama ilivyo desturi ya kumtembelea aliyejifungua. "Hodi! Mutoto iko muzuri? Analala?"

"Toka! Umesalimia mutoto, na miye umeniacha kwa mulango. Mama anaweza kugonjwa roho nyuma ya kuzala. Ni ugonjwa, haiko ubaya."

Wenzake wakacheka. Fulgence alitoka kweli, akampigia Bibiane simu.

"Allô? Abigaël amelala," Bibiane akasema upesi.

"Haiko Abigaël naulizia. Weye, chérie, uko namna gani?"

Bibiane akaangua kilio, kirefu.

"Fulgence... tangu nizale, hakuna mutu aliniuliza vile."

"Nisamehe. Moyo ya jiwe ilikuwa ya miye."

"Sijapona. Usiniambie nirudi."

"Sitakuambia. Nakuja tu kukaa na weye. Kesho tutaenda pamoja kwa munganga wa hospitali."

Jioni alifika Rwambuzi na samaki kama wale Bibiane aliowaacha sokoni.

"Ee! Unaanza tena kunitongoza?" Bibiane akatabasamu kidogo.

"Naanza mwanzo kabisa."

Bibiane akampa mtoto. "Mushike. Nataka kulala."

Akaegemea bega la mumewe, akalala fofofo. Mguu wa Fulgence ulikufa ganzi, lakini hakusogea.